Mizani ya Zafarani

Mizani yetu ilikufa Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa sita mwaka 2006, na kilichoiua ni mafuta ya nazi. Mafuta yenyewe yalikuwa yangu, nimeletewa na binamu kutoka Pate, nikiyatunza kuliko pasipoti. Aliyeyapaka ni Onesmus. Kwa hiyo kosa lilikuwa letu nusu kwa nusu, ingawa nikisimulia huwa nampa yeye robo tatu.

Kazi yetu ilikuwa kujaza risasi katika klabu moja ya kulenga shabaha, mbali na mji wa Dubai, kule jangwani ambako hata ngamia akipita husimama kuuliza njia. Wenye bunduki za mashindano hawapendi risasi za dukani. Wanataka kila risasi iwe pacha wa mwenzake, na upacha huo unaanza kwenye baruti: hii ikizidi kidogo na ile ikapungua kidogo, moja itapiga juu na ya pili itapiga chini. Ndiyo maana tulikuwa na mizani ya mkono, kama ya sonara. Chuma chembamba, ndio mkono wenyewe, kimekaa juu ya makali mawili mfano wa kisu, upande mmoja kitanga, upande wa pili ulimi unaopanda na kushuka mbele ya mstari.

Na ilikuwa kali, mizani ile! Niliwahi kumpima inzi kabla hajainywa chai yangu na baada ya kuinywa, na kwa tofauti ile nikajua Onesmus kasahau sukari. Mnaocheka chekeni. Inzi mwenyewe hakucheka.

Onesmus alikuwa Mkamba wa Machakos, mlinzi wa geti aliyeletwa kwenye chumba changu cha kujazia risasi kwa sababu ya jicho lake. Alilenga kuliko wanachama wote, jambo ambalo hatukulisema mbele yao. Sasa kwao, na kwetu Pate ni vilevile, chuma kikisitasita kinapakwa mafuta: bawaba, cherehani, baiskeli. Asubuhi ile aliuona mkono wa mizani unachelewa kutulia. Akachukua chupa yangu, akayapaka yale makali mpaka yakang'aa. Vumbi la jangwani likaganda kwenye mafuta, yakawa uji. Kuona uji, akayasugua makali kwa waya wa kuoshea sufuria, ukali wote ukaisha.

"Mzee Famau, sasa iko fiti," akaniambia, meno yote nje.

Nikaweka kichwa cha risasi kwenye kitanga. Mkono haukusogea. Nikakiondoa. Mkono palepale.

"Iko fiti mpaka imelala," nikamwambia. "Tena hailali usingizi wa kuamka."

Hapo akaingia arbab wetu, Sulaiman, mwenye klabu, kanzu yake nyeupe imenyooka kama karatasi. Akautazama mkono, akanitazama mimi.

"Imekufa kwa uzee, arbab," nikawahi.

"Niliinunua mwaka juzi."

"Mizani huzeeka kwa kazi, arbab, si kwa miaka."

Hakucheka. Kumbe wiki ile kuna mtu alikuwa amemletea kitabu chenye picha za risasi zilizojazwa tayari kiwandani, masanduku kwa masanduku, nzuri kama halua. "Nikinunua hizi," akasema, "nyinyi wawili mtabaki kufanya nini humu? Sikilizeni. Nawapa mpaka Alhamisi. Tafuteni mizani kwa pesa yangu, jazeni risasi tano, Onesmus apige mita mia tatu. Finjani yangu ya kahawa ikiyafunika matundu yote matano, chumba kinabaki. Likichungulia hata moja, khalas. Nakifunga, na nyinyi mnarudi Kenya."

Alipotoka, Onesmus akakaa juu ya kreti. Nyumba yake kule Machakos ilikuwa na kuta, haina paa. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuna arbab mwingine Dubai nzima ambaye angeajiri mzee mwongo.

"Finjani yake umeiona?" Onesmus akauliza. "Ni kakitu kadogo hivi."

"Nimeiona. Simama twende Deira."

Tulifika Deira, kwenye maduka ya mjini, Jumanne, jua limeshapasha lami. Duka la kwanza la vipimo lilikuwa na mizani ya umeme, ndogo kama redio, namba nyekundu zinawaka. Muuzaji, kijana aliyejaa manukato, akaisifu mpaka mate yakamkauka. Nikamwambia, sifa weka kando. Nikatoa mfukoni washa ya shaba, kile kipete cha kuwekwa chini ya nati, nikaipima mara kumi. Mizani nzuri ni ile inayorudia neno lake. Hii kila mara ilikuja na neno jipya, maana eisi ilikuwa juu yake, inaipulizia baridi.

"Zima eisi," nikasema.

"Nizime eisi? Mwezi wa sita, ami?"

"Dakika tano tu. Niliwahi kufanya kazi ndani ya tanuri la mikate, na koti nimevaa."

Akazima, nadhani ili nife mapema. Wateja wawili wakakimbia. Namba zikatulia, zikaanza kurudia vizuri, nikaanza kuipenda. Mara simu ya Onesmus ikalia na zile namba zikaruka kama zimeumwa na nge.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Ni Carolyne. Wife."

"Ndiyo maana uzito umepanda."

"Mzee, wacha hizo!" Lakini alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Duka la pili walikuwa na ya mkono, mpya, inang'aa kama bomba la hoteli. Hapo nikang'oa unywele mmoja kwenye ndevu za Onesmus, akapiga kelele mpaka mtaa wa pili, nikauweka kwenye kitanga. Mkono haukutikisika. Nikaongeza wa pili. Kimya. Kwa wa tatu Onesmus akafunika kidevu kwa mikono miwili, akasema afadhali arudi Kenya.

Basi tukatoka. Maduka mengine mawili hawakuwa na kitu. Adhuhuri ilikuwa imepita, jasho limeniingia machoni, na nilishaanza kutunga maneno ya kumdanganya arbab. Tukapita mbele ya duka la udi na zafarani. Ndani, mama mmoja wa umri wangu kasoro kidogo alikuwa akipima zafarani, nyuzi kwa nyuzi, na nyuzi tatu zilipoanguka kwenye kitanga nikaona mkono wa mizani unainama, unarudi, unatulia. Unatulia! Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Mama akainua macho. "Kaka, wanunua zafarani au waitongoza mizani?"

"Naitongoza, dada. Ina mwenyewe?"

"Inaye. Na ulimi wa mwenyewe mkali kushinda huo wake."

Jina lake Bi Najla, Mzanzibari wa Dubai tangu utoto. Nikamweleza kisa chote, na nakuapieni sikuongeza ila kidogo. Akasema mizani ni ya kaka yake, mlenga shabaha, aliyemwachia alipohamia Maskati. Nikaikaribia. Kweli bwana! Mkono wenye maandishi ya grein, kipimo kilekile chetu, kidogo hata gramu moja inameza grein kumi na tano na ushee. Ukutani Bi Najla alikuwa amebandika karatasi ya kugeuza grein kuwa gramu, imechakaa kwa kushikwa.

"Umewahi kuipaka mafuta?" nikauliza.

"Mafuta? Mizani nipake mafuta? Nna wazimu?"

Onesmus akatazama dari.

Nikaomba ruhusa ya kuijaribu. Bi Najla akazima feni mwenyewe, bila kuambiwa. Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayejua. Nikageuka kwa Onesmus. Akafumba macho, akatoa kidevu. Unywele mmoja ukatua, na ulimi ukapanda juu ya mstari, taratibu, kama mtu anayeinuka kusalimia. Nikauondoa, ulimi ukarudi kwenye mstari. Nikaweka washa ya shaba. Mara kumi nikaiweka, mara kumi nikaiondoa, na mara zote kumi ulimi ulisimama mahali pamoja. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka niliogopa utaitikisa meza.

"Dada, niuzie."

"Siuzi. Nitapimia nini, macho?"

"Nikuletee nyingine?"

"Nyingine gani?"

Niliitazama ile karatasi ukutani. "Wateja wako hawakusumbui na hesabu hii ya grein?"

Hapo nilimgusa penyewe. "Kaka usiniambie! Kila siku magomvi. Wateja wa siku hizi hawaamini kitu kisichowaka taa. Nawapimia kwa haki, wao wakodolea karatasi, wadhani nawaibia."

Onesmus alishafika mlangoni. "Mzee, ile ya namba nyekundu!"

Tulikimbia. Mimi mwenye miaka hamsini na tisa nilimpita Mpakistani mwenye mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa mtupu. Kijana wa manukato alipotuona akakumbatia swichi ya eisi. Tukamtuliza, tukanunua mizani ya umeme kwa pesa za arbab, tukarudi mbio. Bi Najla akapima gramu moja ya zafarani, namba zikawaka, na mteja aliyekuwa pale akatikisa kichwa kwa heshima kama anayesikia hotuba. Kwa kupima gramu nzima mizani ile ilimtosha kabisa, mradi simu ziwe mbali. Sisi ndio tuliopima chembe zisizoonekana.

"Chukua," akasema Bi Najla, akaifunga ya kaka yake kwenye upande wa kanga. "Lakini ukiipaka mafuta nitajua."

Jumatano tulizima eisi, tukasawazisha meza, tukapima. Kila chembe ya baruti iliyoanguka kitangani tulishusha pumzi pembeni. Baruti ilinukia zafarani. Kila kipimo tulikirudia mara tatu, na vipimo vilipobishana hata kwa unywele, tuliimwaga baruti tukaanza upya. Siku nzima ikaenda hivyo, mashati tumeyakamua mara mbili.

Alhamisi alfajiri, kabla joto halijaanza kuchezesha hewa, Onesmus akalala kwenye mkeka. Arbab alisimama nyuma yake, finjani mkononi. Nilikuwa na darubini.

Ya kwanza. Katikati, juu kidogo.

Ya pili ikagusana nayo. Ya tatu ikazibana zote mbili. Nilitaka kupiga kelele nikajiziba mdomo. Ya nne ikaenda kulia, Mungu wangu, kulia kabisa, nikaona paa la Onesmus linaruka.

"Upepo," akanong'ona. Akangoja. Aliingoja bendera ndogo ya shabaha ilale, na ikagoma, na arbab akakohoa, na Onesmus hakugeuka. Bendera ikalala. Akapiga.

Tulikwenda kwa gari mpaka kwenye shabaha. Arbab akaibandika finjani juu ya karatasi. Tundu la kulia likachungulia kama mwezi mwandamo. Onesmus akafumba macho. Arbab akaisogeza finjani kidogo kulia, akaangalia kushoto. Akaisogeza tena, unene wa kucha. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, kilemba kikamdondoka asikiokote.

Yote matano yalikuwa ndani.

"Wallahi," akasema. Akaiondoa, akaiweka tena. "Wallahi!" Kisha akanikamata bega. "Leteni zilizobaki. Nataka kupiga mwenyewe. Yalla, yalla!"

"Zilizobaki zipi, arbab? Tulijaza tano."

"Tano tu? Siku nzima?"

"Ulisema tano."

Akatutazama, mimi na Onesmus, tulivyosimama pale tukitabasamu kama wendawazimu. "Basi mnafanya nini huku nje?" akafoka. "Ingieni garini! Kabla ya Ijumaa jioni nataka mia!"

Onesmus alifika garini kabla sijageuka.