Saa Mbili za Nairobi

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, mikono yake ingali na grisi, akasimama katikati ya ofisi kama mtu aliyekuja kukamata mwizi.

"Hapa nani anaitwa Docus?"

Docus Akullo aliinuka. Alikuwa hajamaliza muda wa majaribio katika ofisi hii ya tiketi za ndege, ghorofani juu ya maduka ya fotokopi ya Wandegeya, Kampala, na bado alifurahi kila mteja alipomwita kwa jina. "Ni mimi, mzee. Karibu kiti."

"Kiti sitaki. Mimi ni Dawudi, fundi wa magari kule Kisenyi. Mke wangu Rehemah ulimkatia tiketi ya kwenda Maskati. Amelala Nairobi, kwenye vigae vya uwanja wa ndege, na binti yetu anaolewa huko Maskati leo."

Furaha ikamtoka Docus mara moja.

Alimkumbuka vizuri Rehemah. Alikuwa amemtafutia njia nafuu: tiketi ya shirika moja mpaka Nairobi, na ya shirika jingine kutoka hapo mpaka Maskati. Rehemah aliomba apewe nafasi kubwa katikati, hata nusu siku. Docus akamwonea huruma. Mama wa umri ule akae uwanjani kutwa nzima kwa nini? "Utachoka bure, mama," alimwambia, akampa saa mbili.

"Ndege ilichelewa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ilifika kwa wakati. Sanduku ndilo lililomchelewesha."

"Sanduku? Mimi nilimpangia kama mtu wa begi la mkono."

"Ulimuuliza?"

Docus alitikisa kichwa. Hakuuliza. Alimpangia safari kama angejipangia mwenyewe, msichana wa suruali mbili na chaja ya simu.

"Mama Mnubi anaenda kuoza binti kwa begi la mkono!" Dawudi alicheka kicheko kikavu. "Na dilka ataificha wapi, kwenye soksi?"

Akaeleza, kwa maana Docus alikuwa mtu wa Lira na mambo hayo hakuyajua. Dilka ni mchanganyiko wa unga na mafuta ya manukato ambao mama humsugua nao binti yake usiku wa kuamkia ndoa. Rehemah alikuwa ameufukiza wiki nzima. Pale Entebbe walimwambia chombo kizima cha mafuta hakibebwi mkononi ndani ya ndege, labda kwenye sanduku. Sanduku likapokelewa, likaandikiwa Nairobi tu, kwa kuwa shirika la kwanza halikujua habari za lile la pili. Kule ikabidi apite uhamiaji, angoje mzigo, atoke nje, apange foleni upya. Alipofika kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege nyingine ya shirika lile ilikuwa Jumapili.

"Atafika Jumapili, basi," alisema Docus, akitafuta pa kushika. "Harusi atakuwa ameikosa, lakini..."

"Husikii, binti yangu. Rehemah hakumtaka huyu bwana harusi. Ni Otema, kijana wa Gulu. Amesilimu, ana adabu, lakini mke wangu alikataa mwaka mzima. Nyinyi watu wa kaskazini mnatumalizia mabinti." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Juzijuzi tu ndipo moyo wake ulipolainika. Sasa binti yetu Zuleika anasema mama amefanya makusudi. Anasema kama hamtaki mume wake, asimwite mwanawe tena. Mimi haniamini, anasema siku zote namfichia mama yake. Simu ya mama yake hapokei."

Alipiga namba, akampa Docus simu. Sauti ya Rehemah ilikuwa imekauka.

"Ni wewe, mwanangu? Umekula?"

Swali hilo lilimuumiza Docus kuliko tusi. "Mama, nisamehe. Uliniambia, sikukusikiliza."

"Yameshapita. Ila mwambie Zuleika. Wewe ndiwe uliyepanga, wewe atakusikia. Kabla hawajakaa kwa shehe."

"Nitamwambia mwenyewe, mama. Nakuahidi."

Dawudi alimwachia namba ya Zuleika, akaondoka kuwahi sala ya Ijumaa. Mlango wa ndani ukafunguka. Bwana Ocira, mwenye ofisi, alikuwa amesikia yote.

"Docus, dada yangu, wewe ni mtoto mzuri. Ila sikiliza. Tiketi mbili, mashirika mawili: abiria amechelewa mwenyewe. Ndivyo tunavyosema hapa. Ukikiri kwa yule binti, kesho wataniletea wakili."

"Nimeshaahidi."

"Uliahidi kwa niaba ya nani? Ofisi ni yangu. Ukipiga simu hiyo, usije Jumatatu."

Docus aliketi. Alifikiria chumba alichopanga na mdogo wake huko Ntinda, na jinsi alivyompigia simu mama yake huko Lira siku alipopata kazi, mama akapiga vigelegele barabarani. Aliwaza pia kwamba huenda Zuleika asimwamini. Kisha akapiga kwa simu yake mwenyewe.

Iliita mpaka karibu kukatika. Nyuma ya sauti ya msichana kulikuwa na wanawake wanaocheka.

"Zuleika? Naitwa Docus, niko Kampala. Mimi ndiye niliyemkatia mama yako tiketi. Tafadhali usikate."

"Amekutuma?"

"Amenituma, lakini ninayosema ni ya kweli. Aliomba muda mrefu Nairobi, mimi nikampunguzia. Hakukataa kuja. Kosa ni langu."

Wale wanawake waliendelea kucheka, wakaacha mmoja mmoja.

"Niambie tena," Zuleika alisema. "Polepole. Alitoka nyumbani saa ngapi?"

Bwana Ocira alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Docus aliuchomoa ufunguo wa ofisi kwenye pete yake, akamwekea mkononi, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.