Ng'ombe wa Nelly

Hata wasiompenda Vumilia walikubali jambo moja: akishaamua, limeamuliwa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiizunguka kata yao, nje kidogo ya Kahama, kwa baiskeli na kwa miguu, akitafuta familia za kuaminika za kulea watoto waliobaki peke yao. Alishapata kumi na moja. Kumi na moja, jamani, na hakuna aliyemlipa zaidi ya soda! Alipita makanisani, msikitini, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mtu akimwambia "nitafikiria," kesho yake alfajiri Vumilia yuko mlangoni kuuliza amefikiria nini.

Safari hii watoto walikuwa wawili: Nelly wa miaka tisa na mdogo wake Mwigulu wa miaka minne. Mama yao alikufa kwa maradhi, baba yao alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, machimboni, upande wa Geita. Bibi yao aliyebaki Kishapu haoni wala hatembei, naye alishaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba walelewe na watu wema. Kwa muda walikuwa wanakaa kwa Zahida, muuguzi wa zahanati, lakini mwisho wa mwezi Zahida alikuwa anakwenda masomoni.

"Mama Apolonia," Sostenes, afisa ustawi wa jamii, alimwambia Vumilia, "mwisho wa mwezi ukifika hakuna familia, inabidi niwapeleke kwenye makao. Na sijapata makao yanayowapokea wote wawili. Msichana atabaki Shinyanga, mdogo wake ataenda Mwanza."

"Hao hawatengani," Vumilia alimjibu. "Hilo niachie mimi."

Jumamosi akaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wakajaa mpaka madirishani. Vumilia alisema vizuri, maana kusema anajua: alieleza watoto ni nani, na kwamba wakikosa familia mmoja atabaki Shinyanga na mwingine ataenda Mwanza, kamati ya kata itasaidia vipi, Sostenes atakagua nini. Watu wakatikisa vichwa, wakaguna kwa huruma, na hakuna aliyenyanyua hata kidole.

Ndipo akasimama Masalu, dalali wa ng'ombe mnadani, mtu wa maneno mengi. "Mama Apolonia, tusifichane. Huyo msichana akikua akaolewa, ng'ombe wa mahari yake anakula nani?"

Darasa zima likacheka, halafu likasubiri jibu. Vumilia aliona mlango umefunguka, akaingia bila kuangalia chini.

"Anakula aliyemlea!" alisema. "Kwani nani mwingine?"

Loo! Mikono ikapanda. Alihesabu kumi na minne, moyo ukamvimba kwa furaha, akamgeukia Sostenes kana kwamba anamwambia, si nilisema niachie mimi?

"Kwa hiyo kumi na wanne mko tayari kuwachukua Nelly na Mwigulu?"

Mikono ikaanza kuyumba. "Sisi tunaongelea msichana," alisema mmoja. "Wa kiume si ana nafasi yake huko Mwanza?" akadakia Masalu. "Mimi huyo wa kike namchukua hata leo." Kisha kutoka dirishani ikaja sauti ya mwanaume, kavu kabisa, bila aibu: "Ni mweupe au mweusi?"

Kila mtu pale alijua maana ya swali hilo. Msichana mweupe, ng'ombe wanaongezeka.

Vumilia akaona alichofanya. Aliitisha mkutano wa malezi, na kwa mdomo wake mwenyewe akaugeuza mnada. Nimemuuza mtoto wa watu, alijiambia, tena nimemuuza mbele ya darasa zima. Machozi yalimkaribia, akayameza. Wakati wa kulia ungekuja baadaye, akiwa nyumbani.

"Shusheni mikono," alisema. "Nimekosea."

Watu wakatazamana. Vumilia kukubali kosa, hiyo peke yake ilikuwa habari ya kupeleka nyumbani.

"Nimewaambia uongo, na nyinyi mnajua ni uongo, ndiyo maana mmeushangilia upesi hivyo. Kalisti! Juliana hapo ulimwoa kwa ng'ombe wa nani?"

Kalisti, mkulima wa mpunga, alikuwa mmoja wa walionyoosha mikono. Alikuna shingo. Mke wake aliyekaa pembeni yake alikuwa anamtazama. "Wa dada yangu Ritha," alisema.

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na wewe Masalu?"

"Wa dada," alisema Masalu kwa sauti ndogo. Wenye masikio walisikia.

"Sasa niambieni, ng'ombe wa Nelly anakula nani?"

 Bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Ni wa kumwolea mdogo wake."

"Wabeja, bibi, asante. Hao ng'ombe, Nelly akishamaliza shule, na akitaka mwenyewe kuolewa, ni wa Mwigulu. Ukimchukua dada ukamwacha kaka, hujalea mtu. Umemwibia ng'ombe mtoto wa miaka minne. Nani anataka kuitwa hivyo katika kata hii?"

Hakuna aliyetaka. Masalu akatoka nje kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Wengine wakaanza kutafuta kofia zao. Sostenes akakusanya fomu, akaanza kuzirudisha kwenye mkoba.

"Kaa chini, Bwana Sostenes," Vumilia alisema. "Mkutano haujaisha."

Akakaa. Ukweli ni kwamba Vumilia hakujua mkutano umebakiza nini. Ila alikuwa na hakika kama alivyo na hakika na jina lake kwamba ndani ya darasa lile yupo mtu mmoja, na kwamba mtu huyo hatasimama kama yeye atatikisika. Akabaki amesimama wima, mikono nyuma, akiwatazama usoni mmoja mmoja.

Juliana akainuka. Hakusema na mkutano, alisema na mumewe.

"Baba Mageni, mimi niko nyumbani kwako kwa sababu ya Ritha. Wangekutenganisha naye ukiwa na miaka minne, mpaka leo ungekuwa unajipikia ugali mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Kalisti aliinamisha kichwa mpaka kicheko kikaisha. Aliposimama macho yalikuwa mekundu.

"Nilinyoosha mkono kwa tamaa," alisema. "Naona aibu, na naomba radhi. Bwana Sostenes, andika wawili."

"Baba, umeelewa kwamba ng'ombe..." Sostenes alianza.

"Nimeelewa. Andika wawili."

Vumilia alitamani kumkumbatia, lakini kazi ilikuwa bado. Akasimama mlangoni akauziba. Kila aliyenyoosha mkono hatoki, alisema, mpaka aseme atamsaidia Juliana kwa lipi. Wakasema! Huyu godoro, yule gunia la mahindi kila mavuno, bibi wa nyuma atakuja kukaa na Mwigulu siku za kupandikiza mpunga. Gulamali mwenye duka akaahidi sare na viatu kila mwaka. Hata Masalu alirudishwa kutoka kwenye simu yake, akatoa mbuzi wa maziwa.

Sostenes akafanya yake: akakagua nyumba mara mbili, akahoji majirani, akachukua barua ya mtendaji. Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, Vumilia akawapeleka Juliana na Kalisti kwa Zahida.

Nelly alikuwa amesimama kizingitini na mifuko miwili ya sandarusi, Mwigulu nyuma yake. "Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa Juliana mfuko mmoja. "Hizi ni nguo zangu." Wa pili aliukumbatia kifuani. "Hizi za Mwigulu. Anaogopa giza, asilazwe peke yake. Huyo anayemchukua yeye, ameshafika?"

Zahida alikuwa amemweleza mara tatu kwamba wanakwenda wote, na mara zote tatu mtoto alikuwa ameitikia tu kwa adabu.

Juliana akakaa chini kwenye udongo. Akafungua mifuko yote miwili, akatoa nguo za Mwigulu moja moja, kaptula, fulana, sweta lisilo na vifungo, akazipanga juu ya nguo za Nelly mpaka mfuko mmoja ukajaa na mwingine ukabaki mtupu. Akaukunja huo mtupu, akampa Zahida.

"Huu baki nao," alisema. "Sisi hatuna kazi nao."

Nelly akautazama ule mfuko uliojaa. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, akiwa ameshika kanga ya Juliana kwa mikono yote miwili. Kalisti akachuchumaa, Mwigulu akampanda mgongoni.