Posa ya Mtu Asiyekuwepo

Kwetu sisi wenye asili ya Burundi, ukienda kuposa, wenye binti wanaanza kwa kukana kwamba wana binti. Ni mchezo na kila mtu anaujua: wanakana, mshenga wako anabisha kwa maneno matamu, watu wanacheka, binti anaitwa, pombe ya ndizi inanywewa. Kazi ya mwoaji ni kukaa kimya kama mzigo.

Kaka yangu Méthode alikwenda kumposa Séverine wa Kasekese, na alimtaka kweli, mpaka alikuwa amekonda. Asubuhi ileile mshenga wetu, baba mdogo Libérat, akashikwa na malaria. Badala yake wakamchukua binamu yetu Dieudonne, aliyesoma falsafa seminarini hadi mapadre wakachoka naye. Mimi nilipinga, lakini nani anamsikiliza Athanasie?

Tulipofika, mzee Gratien, baba wa Séverine, akakunja uso kama desturi inavyotaka, akasema nyumba yake haina binti. Dieudonne akasimama, akakohoa, akamwambia mzee amesema kweli tupu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaeleza kwamba Mgiriki mmoja wa kale alisema hakuna kitu kilichopo, na hata kingekuwepo tusingekijua. Akamleta na mtawa wa Kibudha aliyeuliza habari za gari la farasi: gari ni magurudumu? Hapana. Ni ekseli? Hapana. Basi gari liko wapi? Na Séverine vivyo hivyo: ni nywele, kucha, meno na figo, ukivitenganisha humuoni Séverine. Alizitaja figo za mchumba mbele ya bibi zake.

Mzee mmoja wa upande wao, aliyekwisha kuanza kuonja pombe, akavuta mrija wake, akauliza kama hata pombe tuliyoleta haipo. Dieudonne akasema haipo. Mzee akasema basi tulete nyingine, maana hiyo hawajaipokea.

Watu walicheka, na tungeponea hapo. Ilitosha mtu aseme tumekuja kuchukua hizo figo na vyote vinavyozizunguka. Lakini pazia likafunguka, Séverine akatoka bila kuitwa, jambo ambalo halifanyiki. Alimpita mshenga, akasimama mbele ya kaka yangu, macho mekundu.

"Nyie mmetoka Mpanda kuja kusema mimi sipo," alisema. "Na wewe Méthode unasemaje? Nipo ama sipo?"

Hata baba yake hakumzuia. Lilitakiwa neno moja tu. Kaka yangu akafungua mdomo, akakumbuka kwamba mwoaji hasemi, akageuka kumtazama Dieudonne.

"Sawa," Séverine akasema. "Nimesikia."

Akarudi ndani, na posa ikafa hapohapo.

Ndani ya gari nilimchapa Dieudonne kwa kiatu, na hakubisha kwamba kiatu kipo. Nyuma Méthode alikuwa akilia, akirudia yupo, yupo. Nikamwambia anyamaze, aliyetakiwa kuyasikia hayo tumeshamwacha Kasekese.