Magauni Kutoka Nkubu

Maji yalikatika siku ya Jumatano, na ilipofika Jumamosi kila boma lililounganishwa na mradi wa maji lilitakiwa kutoa mtu mmoja mwenye jembe au panga. Kwa kina Wambeti alitoka Wambeti mwenyewe. Mama yao alikuwa na mgongo unaouma, na Purity, mdogo wake, alikuwa na harusi. Alikuwa nayo kama mtu mwingine anavyokuwa na malaria: haikumwacha alipoamka wala alipoketi kula, na kila aliyemkaribia alipewa habari zake.

Wambeti alikuwa na miaka thelathini na minne, karani katika shule moja ya upili upande wa Runyenjes, na katika kanisa lao huku chini ya Kianjokoma alijulikana kwa kupendeza. Hakuvaa nguo moja Jumapili mbili zinazofuatana. Nyingi aliziagiza kwa simu wakati wa chai ya saa nne, zikamfikia ofisini ndani ya mifuko ya plastiki, nyepesi kama barua. Ndiyo maana kamati ya harusi ilimkabidhi yeye kazi ya kutafuta mavazi ya wapambe, wale wasichana sita watakaomsindikiza bibi harusi.

Walipanda hadi kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingilia bomba la mradi. Mwenyekiti, Mzee Ndwiga, alikuwa amekunja suruali hadi magotini na kushika mti mrefu wenye ndoano, ule wa kuangulia maparachichi. Walidhani ni majani yameziba. Ndoano ilitoa mguu wa suruali ya jinzi. Ikatoa fulana za watoto, ikatoa pazia, kisha gunia zima la nguo lililopasuka ubavuni. Wambeti alisimama ndani ya maji akizipokea na kuzirusha ukingoni, mpaka mkono wake ulipokamata blauzi ya manjano.

Aliijua kabla hajaikunjua. Kifungo cha tatu kilikuwa cheusi. Alikishona yeye mwenyewe, siku ya pili tu ya kuivaa, baada ya kile cha awali kung'oka. Matope yalikuwa yameingia kwenye mishono, lakini ile manjano ilibaki vilevile, kali, kama siku ilipotoka kwenye mfuko.

"Huyu aliyetupa hizi nguo," Mzee Ndwiga akasema, "yeye hunywa maji ya wapi?"

Watu wakacheka. Wambeti naye akacheka, akairusha blauzi pamoja na zingine.

Tangu siku hiyo hakutulia. Jumapili alikaa kanisani akiwatazama watu migongoni, si nyusoni. Jumatatu ofisini alifungua kabati la faili mara tatu bila kukumbuka anatafuta nini. Blauzi ile hakuitupa yeye. Hilo alijiambia mara nyingi. Alikuwa ameijaza katika magunia mawili pamoja na nguo nyingine alizochoka nazo, akampelekea Celina, mama anayeuza mitumba katika soko la Kianjokoma, bure kabisa, na kurudi nyumbani akijiona amesaidia mtu.

Siku ya soko iliyofuata alimwendea. Celina alikuwa amefungua mzigo mpya na wanawake walikuwa wameuinamia kama kuku kwenye mahindi. Wambeti alingoja wapungue.

"Mama, zile nguo nilizokuletea ziliishia wapi?"

Celina hakuuliza nguo gani. "Nilizitandika siku mbili za soko. Watu walizishika, wakaziacha. Hata kwa bei ya fagia, ile ya chini kabisa, hakuna aliyetaka. Nikampa mtu wa mkokoteni apeleke jalalani. Alikozipeleka, sikumfuata."

"Ungenirudishia."

"Ungezichukua?"

Celina akachomoa koti la sufu kutoka rundoni, akamwekea mikononi. "Vuta hapo kwa mshono. Vuta, usiogope. Sasa inua kwa jua. Unaona mwanga ukipita? Haupiti. Hii imevaliwa na mtu nisiyemjua, labda miaka kumi, na bado mtoto wako ataivaa. Zako zilizeeka zikiwa njiani, mami. Sikukasirikii. Wengi wananiletea hivyo, na wote wanataka niwaambie asante."

Wambeti alilirudisha koti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka sokoni mikono mitupu, na mikono hiyo hakujua aiweke wapi.

Nyumbani Purity alikuwa akimngoja na kipande cha satini cha rangi ya zambarau nyepesi, sampuli aliyoletewa na rafiki yake kutoka Nairobi. "Angalia inavyong'aa. Sita za hii, na riboni nyuma."

Wambeti aliisugua kati ya vidole. Akauvuta ukingo kidogo, na nyuzi zikaachana. Akilini aliwaona wale wasichana sita wakipiga picha, na Jumatatu yake aliyaona magauni sita yakitafuta pa kwenda. Alitaka kusema. Badala yake akasema, "Nitaangalia."

Akaangalia kwa wiki mbili. Alizunguka maduka ya Embu mjini Jumamosi nzima, akiingia na kutoka, akivuta mishono mpaka mwenye duka mmoja akamuuliza kama ametumwa na serikali. Alipekua mitumba Runyenjes akapata gauni moja zuri, kisha lingine zuri lisilofanana na la kwanza. Sita yanayofanana, katika mitumba, ni kama kutafuta ndugu sita waliopotezana. Purity aliuliza kila jioni, na kila jioni Wambeti alipata sababu mpya.

Siku moja Kananu alipiga simu. Kananu alikuwa dada yake Mutuma, bwana harusi, na aliolewa hukohuko kwao Nkubu, upande wa Meru. Alitaka kujua wageni wao watalala wapi. Walipomaliza hayo, Wambeti akajikuta anauliza, "Wifi, na yale magauni ya wapambe wako, uliyafanyia nini?"

"Yako kwa sanduku, juu ya kabati," Kananu akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Jumamosi hiyo Wambeti alikuwa Nkubu. Kananu alipanda juu ya kiti, akateremsha sanduku, wakalifungua kitandani. Magauni yalikuwa ya kijani kilichokolea, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, yameshonwa na fundi aliyejua kazi yake. Wambeti aligeuza pindo la moja. Ndani palikuwa na akiba ya kitambaa, upana wa vidole vitatu. Moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyeona pesa njiani na anaogopa kutazama nyuma.

"Nilikuwa niyauze," Kananu akasema. "Lakini mtu hauzi harusi yake. Na kuyagawa pia nilishindwa." Akalainisha mkono wa gauni moja. "Purity anajua umekuja?"

"Atajua."

Kananu akalifunga sanduku, akampa.

Lilifika kwa Misheck, fundi wa Runyenjes, bila kupitia nyumbani. Misheck alipewa vipimo vya wasichana sita na kuanza kufumua. Wambeti alipanga kwamba atamwambia Purity yakishakuwa tayari, yakiwa yamepigwa pasi na kutundikwa. Akiyaona atayapenda, alijiambia. Alijiambia hivyo akiwa ofisini na akiwa jikoni.

Siku ya tatu Purity alipita kwa Misheck kufupishiwa sketi.

Alifika nyumbani wakati Wambeti anamenya viazi. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Ni kweli anavyosema Misheck, magauni ni ya Kananu?"

"Purity, kaa kwanza nikueleze."

"Unataka watu wa Meru wakae kwa harusi yangu waseme Waembu walishindwa hata na kitambaa."

"Hakuna atakayesema hivyo. Ni magauni mazuri kuliko satini ile. Yameshonwa..."

"Nimeyaona. Najua ni mazuri." Purity akaweka mkoba chini. "Tangu darasa la kwanza nilivaa sare yako. Viatu vyako, na gazeti mbele ili visinitoke. Siku ya kipaimara nilivaa gauni lako, na kila mtu aliniambia linanitosha kama lilivyokutosha wewe. Wewe ulianza kazi ukajinunulia mpaka ukachoka. Mimi nilitaka siku moja tu, Wambeti. Moja, isiyokuwa ya mtu mwingine kwanza."

Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. Wambeti hakuwahi kufikiria hayo hata mara moja; ndiyo aibu iliyomshika. Akatoa kile alichokuwa nacho. Alimwambia habari za blauzi ya manjano, kifungo cheusi, Mzee Ndwiga na kicheko chake mwenyewe pale majini.

Purity alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni yako," akasema. "Umetupa nguo zako, sasa unataka kutubu na harusi yangu."

Akaingia chumbani. Wambeti aliviacha viazi vikiwa nusu, akatoka, akazunguka shamba la chai mara mbili bila kuchuma hata jani.

Asubuhi alimwendea Purity, aliyekuwa bado na kilemba cha kulalia. "Nimekosa," akasema. "Nilipaswa kukuuliza. Ukitaka satini, leo naenda kuinunua, na sitasema neno."

"Nitafikiria," Purity akajibu, bila kugeuka kutoka kwenye kioo.

Kutoka hapo Wambeti aliteremka hadi kwa Mzee Ndwiga, aliyekuwa akikamua ng'ombe. Alimwambia kwamba gunia lile la mtoni lilikuwa na nguo zake, na jinsi lilivyofika huko. Mzee alimaliza chuchu aliyokuwa ameshika, akahamia nyingine.

"Ulicheka," akasema.

"Nilicheka, Mzee."

"Basi utakuwa unapanda huko juu kila Jumamosi kusafisha wavu wa banio, mpaka mvua iishe. Na huyo mtu wa mkokoteni tutamtafuta tumwonyeshe jalala liko wapi."

Adhabu ile ilimfaa. Mikono yake ilipata kazi. Lakini Purity alikaa siku nne bila kusema lolote la magauni, na siku nne hizo Wambeti alishtuka kila simu ilipolia. Siku ya tano ni Misheck aliyepiga. Purity alikuwa dukani kwake tangu asubuhi, akijaribu gauni moja baada ya lingine mbele ya kioo, na sasa anamtaka dada yake aje.

Wambeti alimkuta amevaa moja la kijani, miguu mitupu, pini zimejaa kifuani.

"Nitayachukua," Purity akasema. "Lakini ni kwa sababu nimeyapenda. Si kwa sababu ya mto wako."

"Sawa."

"Na langu mimi litakuwa jipya. Kitambaa nitachagua mwenyewe, kikatwe mbele yangu. Usikishike."

"Sawa," Wambeti akasema tena. Alikuwa na maneno mengi juu ya kitambaa, juu ya uzito, juu ya kuinua kwa jua. Akayameza yote, na hayakumeng'enyeka kirahisi.

Siku ya harusi wageni wa Meru walifika kwa mabasi mawili. Wapambe waliingia kanisani na kijani chao, na kutoka viti vya mbele Wambeti aliona vichwa viwili vya akina mama vikikaribiana, kisha cha tatu. Kwenye hema, wakati wa chakula, mmoja wao alisimama. Alikuwa shangazi yake Mutuma, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya maharusi, akashika mkono wa gauni la mpambe aliyekuwa karibu.

"Haya si ya Kananu?"

Wambeti aliweka sahani yake mezani. Purity, katika gauni lake jeupe ambalo hakuna mtu aliyewahi kulivaa, aliinua uso.

"Ni yake," akasema. "Alinipa, nikayapenda."

Shangazi aligeuza pindo, akalitazama kwa ndani kama mtu anayepima mahindi. "Msichana wangu anaolewa Desemba," akasema. "Ana wapambe sita."

"Utamuuliza Kananu, ni yake," Purity akajibu. "Lakini atafute la sita kwingine. Hilo ulilolishika nabaki nalo. Mshono wa kifua niliupanga mimi."

Shangazi akacheka, akavuta kiti karibu na bibi harusi, na wakaanza kuzungumza habari za Desemba. Wambeti alisikia kila neno. Alijua fundi gani angefaa, na wapi panapatikana kitambaa cha kijani kile, na alikwisha kuinuka nusu kutoka kitini ili awaambie. Kisha akaketi, akachota mukimo, akajaza mdomo.