Hewa ya Kabatini

Mstari wa mama kwenye grafu ulikuwa umelala chini. Pua aliutazama kwenye kompyuta mpaka macho yakamuuma, akaukuza, akaupunguza, nao ukaendelea kulala vilevile, asubuhi mpaka jioni. Pua ni jina alilobandikwa nyumbani tangu alipoajiriwa kupima moshi ambao watu huvuta majumbani mwao. Akina mama wa mtaa aliokulia, mama yake mzazi akiwa wa kwanza, alikuwa amewavisha shingoni kifaa kidogo cha kuhesabu chembe za moshi. Sasa kifaa kilikuwa kinamwambia kwamba mama, anayepikia mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha, anavuta hewa safi kuliko ya ofisini.

Basi kikohozi kile kilitoka wapi? Mama alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba kama si moshi, itabidi wampasue kifua wakate kipande cha pafu, wakakichunguze. Alikuwa anangoja jibu la Pua kesho yake. Na mama, ambaye hata sindano humtoa jasho, alikuwa amekonda kwa hofu.

Pua alikuwa ameshakitilia shaka kifaa. Wiki iliyopita alimbadilishia mama, akakipeleka kile cha kwanza ofisini na kuwasha kiberiti karibu nacho. Namba ziliruka. Kifaa kilikuwa kizima. Akafungua mistari ya majirani, nayo imelala fofofo.

"Ama mtaa mzima umeacha kula, ama mimi nimerukwa na akili," alimwambia mwenzake wa meza ya pili.

"Au vyote viwili," mwenzake alijibu bila kuinua kichwa. Msaada wa ofisini ndio huo.

Mchana akafunga safari bila kupiga simu. Alimkuta mama ameinama anapuliza mkaa, moshi umetanda mpaka darini, macho mekundu. Shingoni hakukuwa na kitu.

"Mama, kifaa kiko wapi?"

"Siku hizi hata kuamkia hakuna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiko salama, ondoa wasiwasi."

Kilikuwa sebuleni, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni ambavyo Pua hajawahi kuruhusiwa kuvigusa tangu utotoni. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kwa raha zake.

"Nikienda kwa watu nakivaa," mama alieleza, "nikipika nakiweka humo. Si ulisema ni cha gharama, tukitunze kama mboni ya jicho? Moshi huu ungekiua. Na wenzangu nimewafundisha hivyohivyo. Mmoja nilimkuta anakaanga nacho shingoni, nikamfokea. Sikutaka kazi yako iharibikie mikononi mwetu."

Pua alikaa kitini bila kukaribishwa. Maneno hayo aliyasema yeye, mbele ya wote, tena kwa kidole juu. Kumbe muda wote huo alikuwa anapima hewa ya makabati. Hasira zilimpanda, akatafuta wa kumkasirikia, asimpate ila yeye mwenyewe.

Alikitoa kifaa kabatini, wakarudi jikoni, akamvisha mama. Namba zikaanza kupanda, taa ikawa nyekundu. Mama akaacha kupuliza, akaziangalia zinavyokimbia, akatabasamu huku anakohoa.

"Zinapanda," alisema. "Ndiyo tumefaulu hivyo?"

Pua hakujua acheke au alie. Namba zile huenda zingemwepusha mama na kisu, na moshi zilizokuwa zikiuhesabu ndio uliokuwa unammaliza.

"Tumefaulu, mama," alisema, akaipua sufuria, akalishika jiko kwa matambara na kulitoa nje.

Mama alimfuata nyuma, amekikinga kifaa kwa kiganja kisiingie vumbi.