Kahawa ya Kumkaribisha Mgeni

Neno lililomchoma Demetria lilikuwa moja tu: uchafu. Bwana afya alilitamka amesimama barazani kwake Temeke, mbele ya wateja, huku akilisukuma kwa fimbo jani la mgomba lililofunika sufuria. Jani lenyewe lilikuwa limeoshwa mara mbili, likapitishwa motoni likalainika. Kilichokuwa na matope ni kiatu chake, na ndicho alichokipandisha kwenye mkeka wa watu bila hata kupiga hodi.

Miaka sita Demetria alikuwa akipika pale ndizi kwa maharage, kama mama yake alivyompikia Bukoba, na hakuna aliyewahi kulalamika tumbo. Wapagazi wa Kurasini walikula, makarani wenzake Ansbert, mumewe, walikula, na serikali ikanyamaza kimya. Uchafu uliingia siku Wazungu walipoanza kula.

Ilianza hivi. Bibi mmoja wa Kiingereza, abiria wa meli iliyokuwa ikielekea Afrika Kusini, alifika Temeke kununua kanga katika duka la Husseinali, lililopakana na nyumba ya Demetria. Harufu ya chakula ikamvuta upande wa pili. Demetria alimpokea kama anavyopokewa mgeni kwao. Alitoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikaanikwa na maganda yake, akatia moja kinywani mwake kwanza, akaitafuna, ndipo akamnyooshea mgeni. Mwenyeji huanza yeye, ili mgeni aone kwamba hakuwekewa ubaya. Bibi naye akatafuna, akala ndizi mpaka akaramba vidole.

Kisha akaandika katika gazeti dogo la abiria: ukifika Dar es Salaam, achana na supu ya hoteli ya Wazungu, nenda Temeke. Chema chajiuza. Meli iliyofuata ilishusha watu kumi na mmoja ambao walipita mlango wa hoteli bila kugeuza shingo, na nyama ya kopo iliyoandaliwa kwa ajili yao ikalala. Wiki haikuisha, bwana afya akawa barazani na karatasi ya kumfungia Demetria.

Basi mwezi wa pili tangu afungiwe, meneja wa hoteli, mtu ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Temeke, alikuja mwenyewe na gari lake. Meli ya yule bibi ilikuwa inarudi, na abiria walikuwa wameleta simu ya maandishi: kama hawatapata zile ndizi, wao hawashuki, watapitiliza hadi Unguja.

"Wewe pika hoteli siku moja," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Mimi sema na bwana afya, wewe pata leseni."

"Na majani, bwana?"

"Majani hapana shida."

Demetria alimtazama asiamini. Majani yaliyokuwa uchafu Temeke yangekuwa safi yakishavuka Keko kuingia mjini! Alitaka kumfukuza pale pale, lakini Ansbert alimshika mkono. "Mke wangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nitaubusu," alijibu, "kwa ajili ya baraza langu, si kwa ajili yake. Mie nataka leseni yangu."

Siku ya meli aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma na kuonywa asivuke ule wa ukumbi wa kulia. Alipika uani kwa kuni, akapanga ndizi, akamwaga maharage na samaki wa kukaushwa, akafunika kwa majani. Chakula kilipoiva alimwita Shomari, mhudumu mkuu, Mzaramo aliyetumika hoteli ile miaka tisa, akampa kikapu cha kahawa na kubaki na kiganja kimoja tu ndani ya kifundo cha kanga yake.

"Kaka Shomari, hizi kwanza, kabla ya chakula. Na kwa kuwa mie sitakiwi huko, wewe ndiye utafune ya kwanza, mbele yao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Shomari alifikisha maneno kama alivyopewa. Meneja alicheka mpaka akakohoa. Mhudumu atafune mbele ya wageni! Kahawa ni kahawa, akasema, nayo huja mwisho, ndani ya kikombe. Akaamuru zile buni zikaangwe, zisagwe na maganda yake na majani yake, zichemshwe.

Demetria hakujua. Aliona tu sahani zikirudi tupu, zimefutwa kama zimelambwa, moyo ukamtulia. Akasikia makofi huko ndani, na sauti ya meneja ikieleza jambo kwa majivuno. Shomari akapita na sinia la vyombo, uso chini. "Anawaambia hicho ni chakula maalumu cha hoteli," akanong'ona.

Halafu makofi yakakatika. Meneja akatoka uani amewiva uso, kikombe mkononi. "Nini hii? Wewe nataka ua wageni yangu?"

Demetria alinusa ule uji mweusi uliounguzwa na akaelewa yote. Kahawa ya kumkaribishia mgeni! Mama yake angesikia angelia. "Mmeisaga?" aliuliza, sauti ikitetemeka. "Nani aliwaambia muisage?"

"Mimi iko ambia wageni, kahawa ya mwanamke wa Temeke. Kosa yako. Leseni hapana!"

Kumbe ndivyo. Ndizi zilizosifiwa ni za hoteli, kahawa iliyotemwa ni ya mwanamke wa Temeke. Demetria alinawa mikono, akafungua kifundo cha kanga, akampita meneja, akausukuma ule mlango.

Alisimama kati ya meza, akatia buni moja kinywani, akaitafuna polepole, kisha akanyoosha kiganja. Yule bibi ndiye aliyeinuka. Alichukua moja akatafuna, akacheka kwa furaha, akawageukia wenzake kwa Kiingereza. Wakaanza kunyoosha mikono mmoja mmoja.

Shomari alitafsiri. "Anasema hii ndiyo aliyowasimulia. Anasema wao walitaka kula kwako, si hapa. Meli inalala mpaka kesho. Wakija Temeke, utawapikia?"

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni. "Shomari! Jikoni, sasa hivi!"

Shomari hakuondoka.

"Mwambie kwangu pamefungwa," Demetria alisema, na safari hii sauti haikutetemeka. "Nilifungiwa kwa sababu majani yangu ni uchafu. Mwambie chakula alichomaliza kimepikwa kwa majani yale yale, na aliyenileta hapa ni huyu bwana, naye aliniambia majani hayana shida. Yeye alijuaje kwamba bwana afya angeniachia? Amuulize huyu. Amuulize mbele ya watu wote hawa."

Shomari alimtazama meneja, akamtazama Demetria, akawageukia wageni, akatafsiri yote bila kuacha neno.