Saini ya Rubani Asiye na Macho

Sehemu ya tisa ya kipindi chetu cha anga za juu ilichukiwa na kila mtu, hata mama mkwe wangu, ambaye hutazama mpaka matangazo ya sabuni. Humo Kapteni anamtilia Rubani dawa ya mapenzi kwenye kikombe, Rubani anamwangukia shingoni, na wafanyakazi wote wa chombo wanacheka. Watazamaji hawakucheka. Walituandikia matusi ya kila aina, na mengine nimeyahifadhi kwenye simu kwa sababu yametungwa vizuri kuliko kipindi chenyewe.

Mimi ni mpambaji. Rubani ni mtoto wa dada yangu, na kazi hiyo nilimtafutia mimi. Kapteni tunamwita Nyota, kwa sababu ndiye mwigizaji mkuu, ndiye mwongozaji, na kama ingewezekana angejipigia na makofi mwenyewe.

Nyota alikuja na tiba ya ile aibu. "Tuwaoze," alisema. "Watu wakiona harusi wanasahau mengine yote." Katika sehemu ya kumi Rubani angegundua kwamba alitiliwa dawa, angesema hata bila dawa angempenda tu, kisha angembusu Kapteni mdomoni. Sasa, mtoto wa dada yangu alisema tangu siku anaajiriwa kwamba kubusu hapana. Nyota alijua. Sote tulijua.

Kwetu badiliko lolote la mchezo huchapwa kwenye karatasi ya manjano, na mwigizaji anayehusika hutia saini chini. Bila saini kamera haiwashwi. Ni utaratibu mzuri, ila una tundu moja: watu wa sayari ya Rubani hawana macho. Kila asubuhi namfunika macho kwa ngozi ya bandia yenye rangi ya fedha, na gundi yake inataka saa nzima kukauka kabla sijatoboa vitundu vya kuonea. Saa hiyo nzima haoni hata kidole chake.

Saa hiyo ndiyo Nyota aliyoichagua jana kuingia na karatasi.

"Badiliko dogo tu la maneno, mdogo wangu," alimwambia. "Wenzako wote wameshakubali. Tia saini basi, watu wanasubiri."

Kalamu akanipa mimi. Nilikuwa nimebana brashi mbili kwa meno na nilitaka huyo mtu atoke chumbani kwangu. Nikaushika mkono wa mtoto, nikauongoza mpaka kwenye mstari. Sikusoma. Nilisoma alipokwisha kuondoka, kwenye nakala aliyoacha mezani, na nikajichukia hapo hapo.

Nilimweleza mtoto yaliyoandikwa. Habari ya mkono niliinyamazia, na yeye hakuuliza. Tukaenda kwa Mama Ratiba, anayetunza mafaili na kupanga siku za kazi. Hana ubaya, ila kwake karatasi ikisema, binadamu anyamaze.

"Awe aliona au hakuona, saini ni saini," akasema. "Kesho asipobusu amevunja mkataba, na nafasi yake inakwenda kwa mwingine."

Kesho ndiyo leo. Na leo Mungu alinikumbuka, kwa sababu katika sehemu ya kumi Kapteni anazidiwa na mapenzi mpaka anageuka kuwa mmoja wa wale wasio na macho. Kwa mara ya kwanza Nyota alikaa kwenye kiti changu kubandikwa. Nilimbandika kwa moyo mkunjufu, na gundi sikuibania.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilichapa karatasi yangu ya manjano inayosema Kapteni ananyolewa kipara mbele ya kamera, na nikamwita Mama Ratiba aje kukagua gundi mpya, ili awepo saini ikianguka. Mtoto, ambaye zamu yake ya gundi ilikuwa bado, akaisoma, akacheka, akaikunja.

"Mama mdogo, hii tukimsainisha, tutakuwa tumempikia dawa ile ile," akaninong'oneza. Akachukua karatasi nyingine ya manjano, tupu kabisa, akamsogelea Nyota.

"Kaka, kuna badiliko dogo. Tia saini hapa."

"Badiliko gani?"

"La maneno tu. Wenzako wote wameshakubali."

"Ngoja nitobolewe macho nisome."

"Watu wanasubiri, kaka."

"Waache wasubiri." Alikuwa ameshaanza kukasirika. "Mtu na akili zake hasaini kitu asichokiona. Unaweza kuandikiwa lolote humo. Hiyo si saini, huo ni wizi."

Nilimtazama Mama Ratiba, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Alikuwa amesahau kabisa habari ya gundi.

"Rudia hapo," akasema. "Hiyo si saini?"

Nyota aliijua sauti ile. Akageuza uso wake wa fedha kushoto, akaugeuza kulia, akitafuta mahali pa kuutazamisha. "Inategemea," akasema.

"Inategemea nani kafumbwa macho?"

Mama Ratiba akafungua faili, akatoa karatasi ya jana, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, bila kuuruka ule mstari wa mdomo. Kisha akamgeukia mtoto wa dada yangu. "Sasa umesikia. Unakubali?"

"Hapana."

Karatasi ikapasuka vipande vinne. Nyota akalalamika kwamba bila harusi kipindi kitakufa. "Tutakizika," akajibu Mama Ratiba, "na wewe utaongoza mazishi, unapenda kuongoza." Nilicheka mpaka nikaangusha kopo la poda. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa kabla hajaungama.

Ningeondoka nayo hiyo furaha, ila Mama Ratiba alikuwa bado anaangalia kile kipande chenye saini.

"Imekaa sawasawa juu ya mstari," akasema. "Mtu asiyeona aliufikaje mstari?"

Nyota akafungua mdomo, na kwa jinsi alivyotabasamu nilijua anachotaka kusema. Nikamuwahi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimshika mkono. Hata kusoma sikusoma."

Mtoto alikuwa kwenye beseni, ananioshea brashi kama kila siku. Hakugeuka.

"Najua, mama mdogo," akasema. "Mkono ungekuwa wa Nyota, nisingesaini."